Kiraka Cheupe Kwa Mcha

Dresden, Ujerumani ya Mashariki
9 Novemba 1969

Kaka Pandu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inamtoa mtu machozi bila ya kufiwa. Nipe khabari za wifi Tabia na za mamake, Bi Kazija. Nambie pia kama mvua za vuli zimeshaanza hapo Kidichi.

Uliniuliza kazi yangu khasa hapa ni ipi, maana majirani wanasema serikali imempeleka msichana Ulaya kwenda kujifunza kujumlisha. Nshapata la kukujibu. Chuoni petu pana mashine ya hesabu, wenyewe wanaiita kompyuta, na ukubwa wake ni kama sebule mbili za Mji Mkongwe zilizovunjwa ukuta wa katikati. Tunatoboa matundu kwenye kadi, kila tundu lina maana yake, na mashine inazimeza kadi zile na kufanya hesabu ambazo mimi na wewe tungezeeka tukizifanya. Lakini hilo si ajabu yake. Ajabu ni kwamba mwalimu wetu, Bi Lorke, anatufundisha kuifanya ichore. Anasema mtu ukimpa hesabu elfu za mvua atasinzia. Ukimpa picha ya mvua hizo, nyingi zikawa nyeusi na chache nyeupe, ataona mwenyewe palipo na mafuriko.

Sasa kila mwanafunzi anatakiwa achore kitu cha kwao. Mimi nimesema nitachora mikarafuu inayokufa. Kamati ya Mazao ya huko nyumbani imekubali, na picha ikimalizika itapelekewa wao, waamue miti ya wapi ing'olewe na kuchomwa moto ili ugonjwa usienee. Wewe ndiye Bwana Shamba wa Kidichi, na kila njia ya huko inakujua. Niandikie kila shamba: miti mizima, inayonyauka, na iliyokufa. Nyengine nitafanya mimi.

Mdogo wako,
Mwanakheir


Kidichi, Unguja
20 Januari 1970

Mdogo wangu Mwanakheir,

Marahaba. Sote wazima. Barua yako imefika na bahasha yake ina gundi mbili, ya Wajerumani na ya mtu mwengine. Sisemi zaidi. Kichwa unacho.

Nlikwenda mashambani kama ulivyotaka. Kazi yenyewe nyepesi, watu ndio wazito. Tangu wagaiwe eka tatu tatu baada ya Mapinduzi, mtu akionekana anahesabu miti wanajiuliza kaja kuipunguza au kaja kumpunguza mwenyewe. Unamkumbuka Matar, aliyekuwa akitupa madafu tukitoka chuo cha Kurani? Mwaka jana mikarafuu yake ilikauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Mkadam, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa Kamati upande wetu huu, akasema miti haifi hivi hivi, pana mkono wa mtu, hii ni hujuma. Matar akaitwa mjini kujieleza. Mpaka leo bado anajieleza.

Nlipofika Kwa Mcha, kule bondeni alikopewa eka zake mama mkwe wangu, Bi Kazija alinitazama ninavyoandika, kisha akauliza:

"Mkwe wangu, unamwandikia nani?"

"Namwandikia Mwanakheir."

"Na Mwanakheir anamwandikia nani?"

Jibu lake nipe wewe.

Hesabu zimo humu, shamba kwa shamba. Ukishachora, nambie nani atakayeiona picha hiyo kabla yetu sisi.

Kakako,
Pandu


Dresden
14 Machi 1970

Kaka Pandu,

Shikamoo. Gundi mbili! Huyo ni karani wa posta tu, anapenda kusoma ya watu. Wakati wa babu hawakuwa wakifanya hivyo hivyo? Na Bi Kazija mwambie namwandikia yeye, ili miti yake ipone.

Hesabu zako zimefika, Mungu akulipe. Nlizitoboa zote kwenye kadi kwa mkono wangu. Mashine ilipoanza kupiga chapa nlisimama kando yake, nkaiona Unguja yetu inatoka mstari baada ya mstari, kama mkeka unaosukwa na mtu usiyemwona. Penye miti mizima inatia nukta. Penye inayonyauka inatia msalaba. Penye iliyokufa inapiga herufi juu ya herufi mpaka karatasi inakuwa nyeusi. Na pale ambapo wewe hukufika, mashine inatazama majirani wa pande zote, inakisia. Nlilia, kaka. Kidichi peusi, na weusi wenyewe unateremka na bonde kama wino uliomwagikia kitambaa.

Lakini katikati ya wino pana kiraka cheupe. Ni Kwa Mcha. Kingo zake zimenyooka kama zilizopitiwa na mkasi wa fundi cherehani. Bi Lorke alipaonesha kwa kidole akaniuliza, "Hapa pana ukuta?" Nkamwambia hapana ukuta, pana watu na eka zao. Akasema, "Ugonjwa unajua mipaka ya eka?"

Pengine ulikuwa umechoka, ukamtuma mtu. Pengine mtu huyo hakufika. Ulikwenda mwenyewe, kaka, au ulihadithiwa? Picha nimeitia humu uione.

Mdogo wako,
Mwanakheir


Kidichi
22 Aprili 1970

Mwanakheir,

Miti ya Kwa Mcha mizima. Nlikwenda kwa miguu yangu, nkaiona kwa macho yangu. Chora ulicholetewa.

Picha yako haikunifikia; nlioneshwa. Mkadam alikuja nayo ofisini, akaikunjua juu ya meza yangu. "Hii nini?" Nkamwambia ni mikarafuu. Akasema, "Mikarafuu nnaijua, Pandu. Hii ni ramani. Na hapa peupe ndipo patakaposhuka nini, ndege za maadui?" Nlicheka. Yeye hakucheka, na wawili aliokuja nao hawakucheka.

Sasa na mimi nakuuliza wewe. Katika Unguja nzima hii, kwa nini umepachagua Kwa Mcha? Nani kakwambia upatazame hapo? Huyo Bi Lorke wako ni mwalimu tu, au ana kazi nyengine?

Usitume picha tena.

Pandu


Dresden
18 Mei 1970

Kaka Pandu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikiisoma wewe unazidi kunikimbia. Hukuulizwa kiapo, umeapa. Umeulizwa swali dogo, umenirudishia maswali.

Sikupachagua mimi Kwa Mcha. Bi Lorke ametufundisha namna ya kuijaribu mashine. Unazificha hesabu za shamba unalolijua, unaiacha ikisie kwa kutazama majirani wa shamba lile, kisha unalinganisha. Nlilificha shamba la Mkadam mwenyewe. Ikakisia peusi, na kwa hesabu zako kweli ni peusi. Nkalificha shamba moja la kilima cha mbali, ikakisia peupe, na kweli ni peupe. Nkapaficha Kwa Mcha. Ikakisia peusi tititi.

Kaka, ama watu wa Kwa Mcha wamekudanganya wewe, ama wewe umenidanganya mimi. Na kama miti ile imekufa na sisi tukasema mizima, haitong'olewa, na ugonjwa utashuka mpaka Bububu, uwamalize wasiokuwa na khabari. Nnajua nani anakaa Kwa Mcha. Usinilazimishe niseme.

Bi Lorke hakutaka niitume barua hii. Kasema mambo kama haya mtu huulizwa ana kwa ana. Ana kwa ana hiyo nitaipata wapi, baina ya Dresden na Kidichi? Nijibu kweli, nami nitajua la kufanya.

Mwanakheir


Unguja
11 Julai 1970

Kwa Dada Mwanakheir Simai,

Ninatumaini hujambo. Ninakujulisha kwamba mimi ni mzima wa afya na ninaendelea na kazi zangu kama kawaida. Ninakuomba uniletee picha zote ulizochora za kisiwa cha Unguja, pamoja na jina la mtu aliyekuagiza kuishughulikia sehemu ya Kwa Mcha na sababu zake. Ninakuomba ujibu kwa haraka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Pandu Simai
Bwana Shamba


Dresden
2 Agosti 1970

Wifi yangu Tabia,

Assalaam alaykum. Barua hii nimempa mkononi Wanu, aliyemaliza masomo ya uuguzi huku na sasa anarudi. Ni mtu wangu. Usiisome mbele ya mtu, na ukishaisoma itie motoni upikie.

Nimepata barua ya kaka. Hati ni yake, maneno si yake. Lini Pandu aliniita dada, na mimi ndiye mdogo? Lini alisema "ninakujulisha"? Huyu mtu akisema "nnakwambia" basi keshajikaza kwa heshima. Hakukutaja wewe, hakumtaja mama, wala Kidichi hakuiandika juu ya karatasi. Kaandika Unguja tu, kama mtu asiyejua yuko wapi, au asiyeruhusiwa kusema.

Wifi, yuko wapi?

Sijawajibu. Nkijibu naogopa, nkinyamaza naogopa. Picha ninazo zote chini ya godoro, kama mtu aliyeiba.

Mwanakheir


Dar es Salaam
6 Septemba 1970

Wifi,

Nimevuka kuja huku kwa shangazi nikisingizia ugonjwa, ili barua hii isipite mikono ya kwetu. Mimi niliishia darasa la nne, hati yangu utaivumilia.

Ulitaka kweli. Haya, ipokee. Miti ya mama ilikufa. Na ya majirani zake wote wa Kwa Mcha ilikufa. Matar alipochukuliwa kwa miti iliyokauka, wao wakakaa wakingoja zamu yao. Wakaikata mikarafuu iliyokufa, wakavifukia visiki, wakapanda migomba juu. Pandu alipokuja na kalamu yake mama akamwambia, "Mkwe wangu, ukiandika imekufa, umeniandika mimi." Pandu akaandika mizima. Ndiyo hicho kiraka chako cheupe.

Barua yako ya Mei ilifunguliwa kabla ya kumfikia. Waliisoma mbele yake, na mimi nikiwa mlangoni. "Ama watu wa Kwa Mcha wamekudanganya wewe, ama wewe umenidanganya mimi." Mkadam akasema, "Hayo si maneno yetu, Pandu. Ya dadako hayo." Wakaondoka naye. Kesho yake wakenda Kwa Mcha, wakang'oa migomba, wakafukua visiki kimoja kimoja kama wanaofukua maiti. Mama yangu hawakumchukua. Wamemwambia angoje. Tangu siku hiyo hali, anakunywa uji kwa kubembelezwa.

Pandu nimemwona mara moja, wameniruhusu nimpelekee nguo. Kakonda. Tuliwekewa mtu wa kutusikiliza. Nlipomuuliza ana ujumbe gani kwako alisema, "Mwambie baridi ya huko asiidharau." Mtu yule akaona ni salamu. Mimi sijui ni salamu au ni nini. Wewe ndiye unayesoma vilivyofichwa.

Watu wanasema ulipelekwa huko ili umchimbe nduguyo. Mimi nnawakatalia. Lakini nikiwa peke yangu jikoni nakumbuka kwamba alikwambia bahasha ina gundi mbili, nawe ukaandika vile vile, na majina. Wifi, ulikuwa ukitafuta miti au ulikuwa ukitafuta kushinda?

Wakati wanamchukua ulikuwa na picha mkononi. Sasa ifanye ifae kitu.

Tabia


Dresden
1 Oktoba 1970

Kwa Kamati ya Mazao,
Unguja

Ndugu Wajumbe,

Mimi ni mwanafunzi niliyeruhusiwa na Kamati kuchora kwa kompyuta hali ya mikarafuu ya Unguja. Naleta pamoja na barua hii picha zangu zote. Hapana nyengine iliyobaki kwangu, na hapana mtu yeyote aliyeniagiza kutazama mahala fulani.

Kwanza naungama kosa. Kadi za Kwa Mcha nilizichanganya na kadi za shamba jengine wakati wa kuzitoboa. Kiraka cheupe kilitokana na mkono wangu. Nlipomtuhumu kaka yangu Pandu Simai katika barua ya Mei nlikuwa sijaligundua hilo. Tuhuma zile nazifuta. Katika picha mpya mahala pale nimepaacha bila ya alama yoyote, na chini nimeandika: hapajapimwa. Mashine ingeweza kukisia, lakini makisio si ushahidi, na mtu asiulizwe kwa jambo lililokisiwa na mashine.

Pili, naiomba Kamati izitazame picha tatu zilizofuatana. Nimezichora kwa hesabu za mavuno ya nyuma mlizonipa mliponiruhusu, kila picha mwaka wake, na juu yake nimetia mistari ya miinuko ya ardhi. Mtaona kwamba weusi unaanza juu na kuteremka na mabonde. Haubagui. Umepita shamba la mgaiwa wa eka tatu, umepita shamba la serikali, umepita pa aliyepo na pa aliyekimbia. Mkono wa mtu haufanyi umbo kama hili. Huu ni ugonjwa.

Na ikiwa bado kuna anayesema kwamba mti uliokufa ni dalili ya hujuma, basi naomba alitazame shamba la Ndugu Mwenyekiti Mkadam. Katika picha zote tatu hapana peusi kuliko pale. Mimi siamini kwamba Ndugu Mkadam ameihujumu miti yake. Kwa hoja hiyo hiyo siamini kwa Matar, wala kwa watu wa Kwa Mcha.

Naomba Kamati ipeleke wataalamu wakapime mashamba yote sawasawa.

Mtiifu wenu,
Mwanakheir Simai


Jozani
17 Januari 1971

Mwanakheir,

Nimetoka. Nimetolewa baada ya vuli, bila ya kuambiwa kwa nini, kama nilivyoingizwa. Kidichi sirudi. Wamenihamishia huku msituni Jozani, niangalie miti ambayo hapana anayeihesabu. Kima wanaruka juu ya bati tangu alfajiri. Tabia kaja na mimi, na Bi Kazija tuko naye. Kaanza kula.

Wataalamu walikwenda. Walipima Kwa Mcha, walipima Mtoni, walipima kila pahala, kisha wakasema ugonjwa. Iliyokufa ikang'olewa, ikachomwa moto, moshi wake ukanukia bonde zima kama jungu la biriani. Bi Kazija eka zake anazo, katia mihogo. Matar karudi. Hana meno ya mbele na hasemi kitu, lakini karudi.

Hayo ndiyo ya kukushukuru, na nnakushukuru. Sasa sikiliza mengine.

Barua yako ilisomwa mjini mbele ya wakubwa wa Mkadam. Ulisema huamini kwamba kaihujumu miti yake. Wao wakasoma mwanzo wa sentensi, mwisho hawakuufikia. Wakauliza: yeye ndiye aliyekuwa akipiga kelele za hujuma, mbona shamba lake ndilo jeusi kuliko yote? Alikuwa akimficha nani? Wakenda wakamchukua mbele ya wanawe. Mpaka nnaandika haya hajarudi.

Mkadam kanitesa, simtetei. Lakini nlikuwa chumba cha pili walipomleta, nkamsikia akisema, "Ni ugonjwa, wallahi ni ugonjwa." Maneno ya Matar hayo hayo. Mkewe Mwanaasha alikuwa akimletea Tabia maziwa mimi nilipokuwa ndani, kwa siri, mumewe asijue. Juzi Tabia kamwona sokoni. Mwanaasha kavuta buibui akageuza uso.

Ulijua, Mwanakheir? Ulipoandika jina lake ulikuwa unaonesha ugonjwa, au ulikuwa unaonesha mtu? Mimi nimelala mahala ambapo kila neno lina mtu nyuma yake. Siwezi tena kukusoma kama zamani.

Pandu


Dresden
9 Februari 1971

Kaka,

Shikamoo.

Nlijua. Si kwamba nlitaka achukuliwe. Nlitaka aogope, akuachie. Nliandika sentensi ile mara nyingi mpaka ikawa haina kosa la mtu kunishikia. Nlipomfasiria Bi Lorke akasema, "Umeichora vizuri." Hakuwa akinisifu.

Nimewaandikia mara ya pili, kwa ajili ya Mkadam. Nimewaeleza kwamba wamekosea kuisoma picha. Sijajibiwa. Nilichojibiwa ni jengine. Kwa kuwa mwenyewe nimeungama kwamba nnachanganya kadi, nimeonekana sifai kwa mashine. Masomo yangu yamekatizwa, na natakiwa nirudi nyumbani mwisho wa mwezi wa Machi kwa ndege itakayotua uwanja wetu wa Kisauni. Bi Lorke alitaka kuwaandikia kwamba sikuchanganya kadi yoyote. Nlimshika mkono.

Nakuomba usije kunipokea. Sijui nani atakayekuwepo uwanjani. Wakituona pamoja watauliza tunanong'ona nini. Wewe umetoka juzi; usijitie tena kwa ajili yangu. Nitakwenda kwa rafiki yangu Wanu, mtaa wa Ng'ambo. Wakishachoka kuniuliza nitakuja Jozani, kama mtanipokea.

Na kama hamtonipokea, nitaelewa.

Mdogo wako,
Mwanakheir


Jozani
4 Machi 1971

Mdogo wangu Mwanakheir,

Marahaba.

Nitakuja uwanjani. Tabia atakuja, na Bi Kazija anasema atakuja hata kwa kubebwa. Tutasimama mbele, pale pa watu wote, na tutazungumza kwa sauti kubwa, asiwepo wa kujisumbua kutega sikio.

Kisha, kabla ya nyumba yoyote, tutakwenda mimi na wewe kwa Mwanaasha, mke wa Mkadam. Utamwambia kwa mdomo wako ulichoniandikia mimi. Akitufukuza tutafukuzika.

Sijakusamehe. Sijui lini. Lakini siwezi kukaa huku msituni nikijua kwamba utashuka kwenye ndege, utazame huku na huku, na uso wa kwanza unaokungoja uwe wa mtu mwengine.

Kakako,
Pandu